Boti ya Jumamosi

Taisto hukodisha boti yake kwa siku nzima,
na siku nzima ni ya watu wasio na watoto.
Tukaomba saa tatu.
Akacheka kwenye simu: bei ni ileile.

Basi mezani jikoni, juu ya makombo ya mkate mweusi,
mimi na Saila tukatandaza ramani ya Saimaa.
Visiwa vimetapakaa kama ndizi zilizomenywa na mtoto,
kila kimoja kimebakizwa kipande.
Penye msalaba mwekundu pana mwamba,
Taisto mwenyewe kauchora. Pale pembeni hapana kitu,
ila Venla kaweka kidole: "Tutakula hapa."
Kidole kina jamu.
Kisiwa kikapata jina kabla hatujakifika.

"Nepi sita," Saila anaandika.
Sita, kwa saa tatu?
"Mwanao humjui," asema, bila kuinua kichwa.

Oiva hulala saa saba mchana.
Injini itambembeleza, au itamkurupusha,
nani ajuaye? Safari nzima
imesimama juu ya kope za mtu wa miezi kumi na minane.

Venla ana maswali yake.
Boti ina choo? Haina.
Samaki wanatuona miguu? Labda.
Na mdoli akianguka majini, nani atamfuata?
Nikasema mimi, nitapiga mbizi.
"Mpaka chini kabisa?"
Mpaka chini kabisa.
Saila akasimama, akaenda kuosha kikombe
alichokwisha kukiosha.

Ana kaka yake, Kauko, kwenye picha ya ukumbini,
miaka tisa, nywele zimelowa.
Hatumtaji tunapopanga mambo ya ziwa.
Hatuna haja: yumo katika kila mstari wa orodha,
kamba ya akiba, filimbi, simu ndani ya mfuko usiopenya maji.

Jioni tukajaribu jaketi za kuelea.
La Venla la mwaka jana halifungi tena,
mkanda umeishia kifuani kama sentensi iliyokatizwa.
Tukamvisha Oiva: likammeza,
yakabaki masikio na kicheko.
Mmoja kalizidi, mwingine halijamfaa,
na duka la mjini hufungwa saa kumi na mbili.
Niliendesha gari kama mwizi.
Nikarudi na mawili, ya rangi ya chungwa,
risiti mdomoni.

Sasa ni saa sita ya usiku, mwezi wa Juni,
na mwanga umegoma kwenda kulala.
Watoto wamezima ghafla, kama taa.
Nimeamka kutafuta maji ya kunywa,
nikamkuta Saila sebuleni, pekupeku, gauni la kulalia,
amevaa jaketi lake juu yake,
mikanda yote mitatu kaifunga hadi kidevuni.
Hakushtuka.
"Vuta hapa nyuma," akaniambia.
"Kwa nguvu. Nione kama linachomoka."