Kivuli Kina Miguu

Mimi ni mwokaji, hapa Écija,
mji ambao watu wa Kordoba huuita kikaango.
Joto tunajuana. Miaka thelathini na moja
nimelitia mkono mdomoni, nikautoa mzima.
Ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Asubuhi ile ya Julai nilitoka tanurini saa moja,
unga kwenye kope, usingizi magotini,
nikamfunga Tuno uani, chini ya ukuta wa mashariki,
penye kivuli kipana, cha baridi, cha kutandika.
Maji nilimwekea. Bakuli moja.
Nikamwambia, "Lala, nami nilale."

Hakuna aliyenifundisha kwamba kivuli kina miguu.
Saa tatu kilimfika kifuani.
Saa nne na nusu, mkiani.
Saa sita kilikwisha kupanda ukuta na kwenda zake,
na mnyororo, mwaminifu kuliko mimi,
haukwenda popote.

Mbwa hatoki jasho kama sisi.
Ana ulimi tu, na nyayo zake nne;
na ulimi nilioukuta ulikuwa rangi ya bilinganya,
bakuli limepinduka, sakafu kavu.

Sikulia. Nilikanda.
Usiku ule mkate ulizidi chumvi,
Bi Obdulia akaurudisha.

Sasa yuko Miga, maana yake chembe ya mkate:
jike, pua bapa kama aliyegonga mlango akikimbia,
hukoroma hata akiwa macho.
Pua ya namna ile haivuti hewa, huiomba.
Tunatembea saa kumi alfajiri, unga ukiwa unaumuka,
yeye na mimi na korongo juu ya minara.
Jioni sitazami saa. Nauweka mgongo wa mkono
juu ya lami, nahesabu hadi saba.
Nikishindwa kwenye nne, tunarudi ndani,
akojoe kwenye chungu cha mrehani wa mke wangu,
na mke wangu anyamaze.

Jumamosi iliyopita, saa tisa mchana,
taa za duka la dawa zikiandika arobaini na nne,
nililiona gari la Eulogio, vioo juu,
na ndani yake Lucero, mate mazito, macho ya kioo.
Nilikimbilia dukani, nikarudi na jiwe la mzani.
La kilo mbili.
"Dakika tano tu!" alipiga kelele Eulogio,
tiketi ya bahati nasibu mkononi.
Dakika tano! Mkate mwembamba unaiva kwa hizo.

Tulimbeba hadi kivulini
(nilikitazama kwanza, kinaelekea wapi),
maji ya bomba tumboni, mapajani, makwapani,
tena, na tena, na tena,
Bi Obdulia akimpepea kwa kipepeo chake cha misa.
Mtu akaleta taulo la kumfunika. Nikalitupa:
taulo likishika moto ni blanketi.
Mwingine akataka kummiminia maji kooni.
"Asiyeweza kumeza utamzamisha," nikasema,
na sauti yangu ilinishangaza, ilikuwa ya baba yangu.
Ndipo gari, ndipo daktari wa mifugo,
vioo vyote chini, na kimoja hakipo.

Eulogio ananidai kioo.
Nalipa kwa mikate, mmoja kila asubuhi.
Lucero huja naye, hunusa kizingiti,
hajui kwamba yeye ndiye risiti.

Uani nimeung'oa mnyororo. Yamebaki matundu mawili.
Nimechora kwa chaki kituo cha kila saa:
tatu, nne na nusu, sita.
Mvua haiji, chaki haifutiki.
Miga hulala ndani, tumbo juu ya vigae,
nami husimama mlangoni kabla ya kulala,
nakitazama kivuli kikiondoka taratibu,
kama mtu anayemsindikiza mgeni
huku akihesabu vijiko.