Indiketa ya Kushoto

Mama Nyanzobe kaisukuma Honda ya marehemu
toka Mabatini hadi kwangu Nyakato, jua la saa saba.
"Iwake tu, mwanangu, nipate kuiuza."

Kulia, maradhi ya kawaida:
unyevu wa ziwa umekula ethi,
globu imeungua, nyeusi kama buni iliyosahaulika kaangoni.
Msasa kidogo, waya wa kijani kwenye chuma kitupu,
flasha mpya, ile ya miguu miwili,
ikaanza: tik.
Tik.
Tik.

Kushoto kukagoma.
Nikaufuata waya wa chungwa chini ya tangi
mpaka nikaukuta umekatwa.
Si kutu, si panya. Kisu.
Na ncha zote mbili zimevishwa tepu, kwa adabu kabisa.

"Mama, kushoto kwake kulikuwa wapi?"

Akayatazama mawe ya mlimani, moja moja,
kama anayehesabu chenji.
"Njia ya Igoma. Aliniapia hapiti tena huko.
Na kweli, nikisimama mlangoni, sikuwahi kuona taa."

Nikaunga. Nikabonyeza swichi.
Tukasimama wawili tukiitazama
inavyokonyeza,
inavyokonyeza,
mchana kweupe, bila haya.

"Izime," akasema. "Utamaliza betri."