Wa Leo Anaingia Saa Nane

Mgeni wa jana ameondoka saa nne.
Wa leo anaingia saa nane.
Katikati ni mimi, beseni, na wingu
lililokaa juu ya msitu kama mdai
asiye na haraka.

Hapa Shinyalu mvua haibishi hodi.
Nimejifunza kuisoma kwa goti la kushoto,
kwa sisimizi wanaohamisha mayai kibarazani,
kwa mbega wanaonyamaza ghafla.
Naanika, naanua, naanika tena.
Mashuka meupe, maana kijana wa picha alisema
weupe huuza.
Hakusema udongo wetu ni mwekundu
na wageni hupenda kutembea pekupeku.

"Tafuta wakala," shemeji Ambani alinishauri,
"wewe uwe unaletewa hesabu tu mwisho wa mwezi."
Wakala akaja, viatu vimechongoka,
akataka asilimia thelathini.
Nikamwambia, mwanangu,
nimefundisha hesabu darasa la sita miaka ishirini na minane.
Thelathini naijua.
Akamaliza chai, akaenda.

Basi ni mimi mwenye ufunguo chini ya chungu cha mshubiri,
mimi mwenye kununua tokeni za stima usiku wa manane
mtu akiandika: taa zimezima, tafadhali;
mimi mwenye kuokota nywele bafuni, moja moja,
nywele za watu nisiojua wametoka tumbo gani.
Meneja mimi, dobi mimi, askari mimi,
mimi ninayejibu "Karibu sana!"
na alama ya mshangao,
huku nimenuna.

Wamepita wengi.
Mama wa Eldoreti aliyelia siku mbili mlango umefungwa,
akaacha jikoni king'aa kuliko alivyokikuta.
Wazungu wa daftari, waliouliza jina la ndege yule wa buluu,
nikawapa la utotoni mwangu, wakaliandika vibaya.
Vijana sita waliolipia wawili.
Niliwajua kwa vikombe.

Halafu ile Ijumaa.
Mzee Lisutsa, ng'ambo ya ua, alikuwa amelazwa sebuleni kwake
na isukuti ilianza saa mbili, ikakataa kunyamaza.
Nilikuwa nyuma ya sufuria, macho yamejaa moshi,
simu ikitetemeka ndani ya fundo la leso:
Ngoma zitakwisha saa ngapi?
Nikaandika: Marehemu hatumuulizi ratiba.
Nikafuta.
Nikaandika: Pole kwa usumbufu.
Nikatuma.

Lisutsa ndiye aliyenifunza baiskeli,
akikimbia nyuma yangu ameshika kiti,
au nikidhani ameshika.
Nami nimemwita usumbufu
kabla hata hajazikwa.

Nyota tatu. "Nyumba safi. Kelele."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima.
Nililifagia, likarudi.
Kisha usiku mmoja, miwani puani,
nikafungua maelezo ya nyumba yangu
na chini ya maji moto, chini ya maegesho,
nikaongeza:
Hapa watu hufa, nasi tunapiga ngoma.
Ukisikia, vaa viatu uje. Chakula kipo.

Ambani alicheka mpaka akakohoa.
Alisema nimejifungia duka mwenyewe.
Na kweli, siku kumi na tisa kalenda ilikaa tupu,
mashuka yakanikaukia kwa raha zao,
nikaanza kuhesabu bei ya saruji niliyokopa.

Jana simu ikalia. Msichana, fundi wa pampu,
anatoka Homa Bei kwa kazi ya siku tatu.
Hakuuliza waifai.
Aliuliza: "Hata kama simjui marehemu?"
Hata kama humjui, nikasema.
"Na kama hakuna marehemu?"
Basi utalala, mama.

Tone la kwanza limepiga bati.
Nimeanua. Shuka moja bado bichi
upande wa miguu.
Saa saba unusu.
Naweka pasi motoni.