Kikohozi

Baba yangu tulimjua kwa kikohozi.
Alikohoa kule kwenye kona ya jabali,
mwisho wa ngazi za Bugarika,
nasi tukaokota gololi,
tukafunga midomo, tukawa watoto wema.
Alikula peke yake, kichwa cha sato
kikimtazama.
Ripoti ya shule alipelekewa kwa mikono miwili
kama barua ya serikali.
Sikumbuki kunishika. Nakumbuka kuniita.

Mimi nachomelea mageti, Mabatini.
Nyamizi, mke wangu, anachuna minofu ya sangara
kiwandani, zamu ya usiku.
Kwa hiyo usiku wa Minza ni wangu:
maji ya kunywa, kojo la saa nane,
ndoto ya mbwa mwenye meno ya misumari
ambaye lazima nimfukuze kwa ufagio, kweli kweli,
hadi nje, hadi majirani wasikie.
Mikono hii iliyozoea cheche
imejifunza kusuka. Mistari yangu hainyooki,
inapinda kama njia za mlimani kwetu,
lakini kisogoni inafika.

Kliniki, benchi zima ni vitenge.
Nesi akafungua kadi, akanitazama, akatazama mlango:
"Mama yake yuko wapi?"
Amelala. Amekesha.
"Na wewe?"
Nami nimekesha.
Benchi likacheka, si kwa ubaya wote.
Mmoja akasema limbwata hili limekolea chumvi.
Mwingine akaninong'oneza, macho chini:
"Wa kwangu nimwanzie wapi?"
Minza akapanda mzani. Kilo kumi na tano.
Nesi akatafuta pa kuandika jina langu,
akaliandika pembeni, kwa wima,
pasipo na mstari.

Sisemi nyumba yetu ni pepo.
Jumapili moja mtoto alianguka kwenye mawe,
goti likachanika.
Mama yake alikuwa hatua mbili, mikono wazi.
Minza akampita.
Akaja kwangu.
Nyamizi hakusema neno. Aliingia ndani
akaosha sufuria iliyokwisha oshwa.
Usiku, vidole vyake vikinukia klorini
na ndimu isiyoishinda klorini,
aliuambia ukuta:
"Nilitaka unisaidie.
Sikutaka uninyang'anye."

Sikuwa na jibu. Sina hata leo.
Kulipokucha nilimpa kitana
kama mtu anayerudisha funguo za nyumba
aliyokwisha kuizoea.
Sasa kusuka ni kwake, mistari imenyooka.
Mbwa bado ni wangu.

Julai, moshi wa kuchomelea ulinikaa kifuani.
Nilikohoa mlangoni nikivua viatu
na ndani kukawa kimya.
Kimya kile kile.
Nikasimama na kiatu kimoja mkononi,
nikisubiri kusikia gololi zikiokotwa.

Kikaja kikombe cha bati, nusu,
nusu nyingine imelowesha gauni.
"Kunywa," Minza akasema.
"Halafu fungua mdomo nione."