Kadi ya Michoro

Msimu wa harusi umekwisha. Kwenye kucha zangu
piko haijatoka, na ndani ya kopo la majani ya chai
mna elfu sitini na tatu, mia nne na hamsini.
Mama ashazipigia hesabu ya bangili.
Sijamwambia la.

Kwa Nzaro, ghorofa ya pili, nyuma ya Mwembe Tayari,
ngazi yanuka risasi ya kulehemu na mahamri.
Orodha yangu nimeiandika mgongoni mwa mwaliko wa watu:
prosesa ya viini sita. Si nane.
Nane itakula pesa za feni,
na Mombasa hii, bila feni, hata binadamu huzima.

"Ramu, tia thelathini na mbili."
"Tia wewe, Nzaro. Mie Shaaban nimepaka maharusi tisa tu,
na mmoja bado ana deni langu."

Anitolea kesi ya kioo, taa zawaka zambarau, zawaka kijani,
ukumbi mtupu, wabakia maharusi kuingia.
Kumbi nshachoka nazo.
Nipe ile ya chuma, nyeusi, yenye chujio la vumbi.
Chumvi ya Kibokoni imekula bawaba za dirisha letu,
imekula redio ya babu ikiwa yazungumza,
haitauonea haya ubao mama.

Pawasaplai sikubahatisha. Stima ya kwetu
huondoka bila kuaga
na hurudi kama mgomvi.

Ikabaki kadi. Mbili mezani:
mpya, dhaifu, ingali na karatasi yake usoni;
na kuukuu, yenye nguvu, mwendo wake haujulikani.
Nikaizungusha feni kwa ukucha. Nikainusa.
Nataka usiku wa manane, dirisha wazi, jasho shingoni,
niendeshe gari kwenye theluji
nisikie tairi zikiteleza.

Simu. "U wapi?"
"Nachagua kadi, mama."
Kimya. Kisha, mbali na simu, kwa jirani:
"Bi Shumi! Yuwachagua kadi!"
Na kigelegele, kimoja, cha majaribio.

Nimechukua kuukuu.

Nzaro akashika bomba la dawa ya kupoza,
akaikamua kama apakaye siagi mkate wa watoto.
Lete hapa. Futa hiyo.
Mikono hii imechora vidole vya wari waliotetemeka,
na tone halikutoka nje ya mstari.
Juu ya prosesa, mraba mdogo kuliko kiganja cha mtoto,
nikatia kitone, nikakizungushia petali tano.
"Utalifunika," akasema Nzaro, "hakuna atakayeliona."
Najua. Hata yale mengine
huoshwa.

Akabonyeza. Feni zikavuta pumzi,
mlio mmoja mfupi,
maandishi meupe.
Koponi mmebaki mia mbili na hamsini.

Simu yalia tena.
Mama auliza tarehe.