Chumba cha Wino

Liisbet alipaka chumba cha kazi rangi ya wino,
kuta nne, na dari pia,
Novemba, mjini Tartu,
jua likizama saa tisa na nusu.

Mama mkwe akasimama mlangoni, viatu mkononi:
"Giza la nje halikutoshi,
hata ulipake ndani?"

Hakujibu. Akawasha taa ya mezani.
Ukuta ukarudi nyuma hatua moja,
kama mtu anayempisha mwenye mzigo.
Zikabaki hesabu za kodi za watu,
kikombe, vidole vyake kumi.

Kilipokuwa cheupe kilimkodolea macho,
kila ufa na kila soketi vikidai kusomwa.
Hiki kinanyamaza.

Doa moja lilimkaukia kiwikoni.
Wiki nzima hakulisugua.

Ijumaa mkwe akaja na uzi wake wa soksi,
akavuta kiti pembeni.
"Taa hiyo hiyo," alisema. "Usiongeze."