Lumbesa

Chumba kiko nyuma ya duka la spea, Mwanjelwa.
Magodoro yamegongomewa ukutani kuzuia mashine ya kusaga,
na bado mashine inapenya,
inaingia katikati ya ubeti kama shangazi asiyebisha hodi.
Tuko sita. Julai. Mikono kwapani.
Gwamaka katoka Kyela bila sweta,
anapiga ngoma apate joto, si sanaa, asema.

Bi Tumwitike husikiliza kafumba macho,
anatafuna tangawizi mbichi.
Katunga nyimbo ambazo watu wameolewa nazo,
wengine wamezikwa nazo,
na akichagua nyanya sokoni hakuna anayemjua.

Zamu yangu. Nikauleta wimbo wa beti tisa:
mna nyota, mna lulu, mna bahari
nisiyowahi kuiona,
mna moyo uliochomwa mshale mara nne.
Nikaimba hadi mishipa ya shingo ikasimama.

Akafumbua jicho moja.
"Kwenu wapi, Ambwene?"
Isyonje.
"Isyonje kuna lulu?"
Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.
"Huu ni lumbesa," akasema.
"Gunia limejaa, bado umelivika kilemba.
Nani atalibeba?"

Hakujua.
Baba yangu ndiye anayeshona vile vilemba.
Miaka ishirini na mbili, kando ya barabara ya Tukuyu,
sindano ndefu kama kiganja,
anafunga viazi visivyo vyake
kwa ajili ya lori lisilojua jina lake,
na mkulima kasimama pembeni, anatazama
kile cha juu kikiondoka bure.

Nilirudi na hasira hadi nyumbani, nikalala nayo.
Alfajiri nikaketi karibu na baba, juu ya debe,
nikasikiliza. Kwa mara ya kwanza, nakiri.
Sindano: *chwa*.
Kamba: *shwaaa*.
Kisha kimya.
Hapo anazuia pumzi, goti limekandamiza gunia,
kisha *hm*, fundo.
*Chwa, shwaaa*, kimya, *hm*.
Ukungu ulikuwa haujainuka.
Nikaandika nyuma ya risiti ya mbolea.

Mwanjelwa tena. Beti tatu.
Kaka Ezekia akatafuta ufunguo kwenye besi,
akaukosa, akaupata chini kabisa, panapotetemesha meza.
Bi Tumwitike akaacha kutafuna.
Akachukua penseli, akafuta neno moja: *dhuluma*.
"Usiwaambie. Wape gunia, walisikie uzito wenyewe."
Hapo nilimeza.
Akataka na noti ya mwisho ishuke, itulie.
Nikakataa.
"Kataa tena, nione kama una sababu."
Baba hashushi kamba mwishoni, nikamwambia. Huikata.
Akanitazama kwa muda,
mashine ya kusaga ikisema peke yake,
kisha akaiacha noti juu, inaning'inia.

Atupele akaomba kuuimba yeye, ana sauti kuliko mimi.
Nikaona wivu, nikampa, nikaona wivu tena.

Jumapili nikamchezea baba kwenye simu.
Alikuwa kazini; viazi havijui Jumapili.
Sindano kaiuma kwa meno, mikono juu ya gunia,
anasikiliza kama mtu anayepimiwa presha.
Wimbo ukakatika.
Nikangoja.
Lori likapiga honi, tingo akaita.

Akaitoa sindano mdomoni.
"Hapo pa kuvuta," akasema,
"umevuta mara moja.
Ni mara mbili. Ukivuta mara moja
linafumuka Igawa."

Akarudi kwenye gunia lake.
Nami nikapapasa mifuko,
natafuta penseli.